Miaka Thelathini na Mbili ya Kukosea Hadharani

Leo, tarehe 31 Machi, baada ya miaka thelathini na mbili na mwezi mmoja wa utumishi, Afisa Ugani Mwandamizi wetu anarudisha ufunguo wa stoo ya majembe na kwenda nyumbani. Wakulima wanamwita Mama Vibao, jina ambalo mgeni akilisikia hudhani mama huyu anapiga watu. Wahariri wa jarida hili wameniomba mimi, Afisa Mipango, niandike wasifu wake kwa kuwa nimefanya naye kazi miaka kumi na tisa. Ukweli ni kwamba wengine wote walikataa. Kila mtu katika ofisi hii ana kibao chake pale nje, na ni vigumu kumwandika mtu aliyekutangulia kukuandika wewe.

Kwa watumishi wapya nieleze kidogo. Kazi ya ofisi yetu, kama ilivyoandikwa ukutani pale mapokezi, ni kuwasaidia wakulima wa vijiji kumi na kimoja kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Zamani ukuta huo ulisema kazi yetu ni kuongeza mavuno. Tabianchi ilipoanza kubadilika, nasi tulichukua hatua za haraka: tukapaka ukuta rangi nyingine.

Mama Vibao aliripoti kazini akiwa na sanduku la bati, cheti cha chuo na imani kamili katika kalenda ya upanzi ya ofisi. Kalenda ilisema mahindi yapandwe tarehe 15 Machi. Akayapanda tarehe 15 Machi, katika shamba la mfano lililo kati ya jengo letu na barabara. Yakaja manyunyu mawili ya kudanganya, mahindi yakachomoza, kisha jua likakodoa macho wiki nne. Mvua yenyewe ilifika tarehe 20 Aprili na kukuta mabua ya urefu wa kifundo cha mguu, yamekauka yakiwa yamesimama.

Na wageni kutoka makao makuu walikuwa njiani. Mkuu wa ofisi wa enzi hizo, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa kushindwa na jambo dogo kama ukame. Aliagiza mahindi mabichi yakatwe kwenye bustani ya kumwagilia kule mtoni, yaletwe kwa mkokoteni na kuchomekwa ardhini mistari mitatu, asubuhi ile ile. Yalipendeza kweli. Mgeni rasmi aliyasifu kwa dakika arobaini, na shida ilikuwa hizo dakika arobaini. Jua lilipofika utosini majani yakaanza kulala, moja baada ya jingine, kama wanafunzi kwenye somo la baada ya chakula. Bua la mbele likaanguka juu ya kiatu cha mgeni. Wakulima walikuwa wamejipanga ng'ambo ya uzio. Hakuna aliyecheka, walikuwa na adabu zao, wakaenda kuchekea nyumbani.

Kesho yake afisa huyu mpya, mwenye wiki chache tu kazini, aling'oa mabua yale ya kuazima na kuyaacha yake yaliyokauka. Mbele yake akasimamisha ubao wenye maandishi mekundu: "Mahindi haya yalipandwa tarehe 15 Machi, kama tulivyowashauri. Mvua imefika tarehe 20 Aprili. Hapa tulikosea."

Barua ya uhamisho iliandikwa siku hiyo hiyo. Ilichelewa kutoka kwa sababu mashine ya kuchapa haikuwa na utepe, na katika siku za kusubiri utepe, watu walianza kuja. Wa kwanza alikuwa fundi baiskeli wa pale njia panda, ambaye ana ekari mbili mteremkoni na mdomo wa ekari tano. Aliusoma ubao mara mbili, akamgeukia Mkuu. "Mkuu, leo ndiyo mara ya kwanza ofisi yako imeniambia kitu ambacho nikikirudia nyumbani sitachekwa."

Wiki ile walikuja watu themanini. Mikutano ya Mkuu ilikuwa ikipata tisa, wanne kati yao wakiwa sisi wenyewe tunaolipwa kuhudhuria. Utepe ulipofika, barua ilibaki kwenye droo.

Hivyo ndivyo shamba la mfano lilivyogeuka kuwa kitu ambacho, kwa ninavyojua, hakuna ofisi nyingine iliyo nacho: vitalu tisa vya makosa yetu, vikiwa wazi kwa umma. Kila ushauri uliotoka mezani petu ulipandwa pale kwanza. Mama Vibao alikuwa na masharti yake. Hakuna kumwagilia kwa siri. Hakuna mbolea ambayo mkulima hawezi kuipata. Na kila kitalu kina kibao: zao, tarehe ya kupanda, aliyeshauri, mvua, matokeo. Yaliyofaulu yaliandikwa kwa rangi nyeusi, yaliyoshindwa kwa nyekundu, na kwa miaka mingi stoo yetu iliagiza nyekundu peke yake.

Vibao vilitengenezwa na mumewe, fundi seremala, bila malipo na bila manung'uniko mengi. Inasemekana kila jioni alimuuliza mkewe kama leo ofisi imefaulu chochote, ili ajue kama anaweza kuweka randa chini akale.

Mimi binafsi nina vibao vitano. Kinachojulikana zaidi ni cha kitalu namba tisa, kile cha chini kabisa, karibu na geti. Nilikuwa nimetoka kozi ya wiki mbili na nilijua kila kitu kuhusu mbaazi. Nikashauri mbaazi zinazostahimili ukame. Kweli zilistahimili ukame. Kilichozishinda ni maji, maana kitalu namba tisa ni bakuli, na mvua ikinyesha eneo lote linamwagikia pale. Kibao kikaandikwa: "Mbaazi. Aliyeshauri: Afisa Mipango. Matokeo: zimeoza. Maji husimama hapa." Mke wangu alikipiga picha akaituma kwa ukoo mzima. Mpaka leo shemeji zangu wakinisalimia huanza na mbaazi.

Tuliona aibu, lakini watu walikuwa wanajifunza. Kitalu namba tano, sita na saba vilipandwa mbegu moja kwa tarehe tatu tofauti. Mwaka mmoja kilipona cha kwanza, mwaka mwingine cha mwisho. Wakulima waliokuwa wakitazama juu ya uzio hawakuhitaji semina. Walianza kugawa mashamba yao mafungu matatu, kila fungu na siku yake, wakachanganya mtama na kunde, wakainua matuta ya kukinga maji, mapana kuliko yetu waliyoona yamebomoka. Miaka mitano iliyopita mvua ilikatika baada ya wiki tatu, na vijiji vyetu kumi na kimoja vilivuna chakula cha kuwavusha. Taarifa iliyopelekwa juu ilisema mafanikio hayo yametokana na warsha nne na fulana mia sita. Niliiandika mimi. Ina kibao chake pia, ingawa kile Mama Vibao alikiweka ndani, nyuma ya mlango wangu.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi wenu mmelisikia nusu nusu. Mwezi Januari tulipata mradi mpya wa kujenga ustahimilivu wa jamii za vijijini. Mradi ulikuja na magari manne, na magari hayakuwa na pa kukaa. Mkurugenzi wetu wa sasa alitazama dirishani, akaona shamba. Ikaamuliwa kitalu namba tisa kimwagiwe kifusi na kuwekewa turubai la kivuli mara moja, na vile vinane vifuate mwezi Aprili, Mama Vibao akishastaafu, kwa kuwa hakutakuwa na mtu wa kuvitunza.

Hakupiga kelele. Aliingia ofisini kwa Mkurugenzi akaomba aachiwe vitalu vile vinane msimu mmoja tu. Mradi ulikuwa umeleta mbegu mpya ya muda mfupi, nayo ilikuwa ipandwe kitalu namba tatu mwanzoni mwa Machi. Vijiji vitatu vilikuwa vimesema havitatia mbegu hiyo katika fungu lao la pili mpaka vione imeota vipi hapa. Akisema wapande, watapanda. Akikosea, watu watakaa na njaa, na safari hii hatakuwapo kuandika kibao. Mkurugenzi alimsikiliza kwa heshima. "Mama, ninakuelewa. Lakini hata magari yanahitaji kukabiliana na joto."

Kibali kilihitaji maelezo ya kitaalamu kuhusu eneo la maegesho. Maelezo hayo yalitakiwa kutoka kwangu. Nilikwenda kulikagua mwezi Januari, katikati ya kiangazi, saa nne asubuhi, nikakanyaga mara mbili kwa kisigino na kuandika: "Eneo ni tambarare na kavu." Niliandika hivyo nikiwa nimeegemea kibao changu mwenyewe cha mbaazi. Tarehe 2 Februari magari yakaegeshwa.

Tarehe 14 Machi tulikuwa ukumbini kwenye warsha ya uvunaji wa maji ya mvua. Mwezeshaji alikuwa anatuonyesha picha za mafuriko ya mahali pengine. Mvua ikaanza kupiga bati, tukamwomba apaze sauti. Ikazidi, tukafunga madirisha. Hakuna hata mmoja wetu, katika watu arobaini waliokuja kujifunza habari za maji ya mvua, aliyetazama nje kuona yanakokwenda. Tulipotoka saa kumi, magari manne ya ustahimilivu yalikuwa yamezama mpaka kwenye ekseli, na kifusi kilikuwa kimeondoka chenyewe kuelekea barabarani.

Fundi baiskeli alikuwa ameshafika. Alizunguka uzio polepole, mikono nyuma, kama mtu anayekagua shamba la mkwewe. "Mmeyapanda karibu karibu mno," akaniambia. "Yangepishana kidogo, Bwana Mipango, pengine mngepata chochote."

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na kibao kipya, ubao mbichi unaonukia maranda. "KITALU NAMBA TISA. Zao: magari (manne). Yamepandwa: tarehe 2 Februari. Aliyeshauri: Afisa Mipango. Mvua: tarehe 14 Machi. Matokeo: yamezama, hayajaota. Hapa tulikosea."

Ofisi nzima ilikuwa madirishani. Nilikuwa dirisha la tatu, nikijifanya natafuta faili. Mkurugenzi alifika, akasimama mbele ya kibao, akakisoma, akarudia kukisoma. Mama Vibao alikuwa pembeni yake na kopo la rangi, amebakiza wiki mbili na siku mbili kazini, yaani muda wa kutosha kabisa kupewa barua. Mkurugenzi akanyoosha mkono. Tulidhani anakwenda kuking'oa. Akamwomba brashi, akachuchumaa na suti yake, na chini ya jina langu akaongeza mstari kwa mwandiko mbaya: "Aliyeidhinisha: Mkurugenzi."

Kisha akauliza ile mbegu ya kitalu namba tatu inaendeleaje.

Magari yalivutwa na jozi mbili za ng'ombe wa plau wa mkulima mmoja, ambaye alikataa malipo akasema kutazama kumemtosha. Sasa yanaegeshwa nyuma ya jengo, juani, yanakabiliana na joto kama sisi wengine. Agizo la mwezi Aprili limefutwa kwa maandishi, na vitalu vyote tisa vinabaki. Kibao cha magari nacho kinabaki. Mkurugenzi ameagiza kisiguswe, hasa wageni wanapokuja.

Ile mbegu, basi: kati ya punje kumi zimeota nne. Kibao kiliwekwa tarehe 22, kwa rangi nyekundu. Vijiji vitatu vimekuja, vimehesabu vyenyewe, na fungu lao la pili vimepanda mtama wao wa zamani. Jana nilipita mteremkoni kwa fundi baiskeli na kuuona umeanza kupasua udongo.

Tumejaribu kumwandalia mstaafu wetu zawadi. Mumewe aliranda ubao mzuri kuliko wote, tukauandika kwa rangi nyeusi: mtumishi mmoja, amepandwa hapa miaka thelathini na mbili iliyopita. Kwenye matokeo tulibishana siku tatu. Kamati ya sherehe ilitaka sifa kumi na mbili. Mama Vibao aliposikia, akauchukua ubao na kuturudishia sifa zetu. Mstari wa matokeo uachwe wazi, akasema, maana hajastaafu hata siku moja na hatujui mvua ya mwakani inakuja lini. Brashi amenikabidhi mimi, kwa sababu, kwa maneno yake, katika ofisi hii hakuna aliyezoea rangi nyekundu kuliko mimi.

Mama, ahsante kwa kutuaibisha kwa faida ya watu. Nenda ukapumzike na fundi wako, naye hatimaye aweke randa chini ale kwa wakati. Tunakuombea mvua za kiasi, zinazokuja siku ambazo zilisema zitakuja, na ukipita barabarani usiache kutazama juu ya uzio. Tutakuwa tumekosea kitu, na kitakuwa kimeandikwa.