Mzee Ekuru na Mashimo Manane ya Paa la Ochola

Jumatatu tarehe 30 Novemba 1998, saa kumi jioni, Mzee Elijah Ekuru atanawa mikono kwa sabuni ya unga, atapanga spana zake kuanzia kubwa hadi ndogo, kisha atatoka katika lango la karakana ya misheni hapa Lodwar akiwa mstaafu. Ametumikia karakana hii kwa miaka ishirini na tisa. Mkuu wetu ameniomba mimi, Jeptoo, karani wa stoo, niandike maneno haya ya kijitabu cha sherehe. Mzee naye ameridhia kwa sharti moja tu: nisiifiche habari ya paa la Ochola.

Aliajiriwa mwaka 1969 kufagia uwanja na kuziba pancha. Baada ya miaka minne alikuwa anachomelea, na baada ya kumi hapakuwa na geti la kanisa, kitanda cha zahanati wala benchi la shule ambalo halikupitia mikononi mwake. Aliwahi kukaa Longech, kando ya ziwa, wiki nzima akitengeneza injini ya boti, akarudi na gunia la samaki lililotufanya sote tuchelewe kazini kesho yake. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilipofunguliwa mwaka 1992, magari yalizidi na kila mwenye gari akataka kubeba magodoro, mbuzi na masufuria juu ya paa. Ndipo Mzee akawa fundi wa paa.

Kazi hiyo aliifanya alfajiri, kabla bati halijashika moto. Alikuwa akipanda ngazi, akilaza sikio juu ya paa, akifumba macho na kugonga kwa kifundo cha kidole, akitafuta mahali zilipo mbavu za chuma chini ya bati. Ukimya ulitanda uwanja mzima, hata sisi wa stoo tukawa tunatembea kwa kunyata. Wageni walidhani amelala. Nakiri kwamba siku mbili tatu alikuwa amelala kweli.

Aprili 1996, Ochola, afisa wa afya katika kliniki ya kambi, alituletea gari lake la familia. Lilikuwa na viti vya watu wanane na paa tupu. Mkewe, watoto wanne na mama mkwe wakishaingia, kilibaki kiti kimoja tu, bila nafasi ya mizigo, kwa hiyo alitaka afungiwe reli mbili za kushikia keria. Reli zilitoka Nairobi juu ya lori, zimeviringishwa kwa magunia, pamoja na bolti nane, kifuko cha washa za mpira, zile pete za kuziba tundu la bolti, na mrija wa gundi ya kuzuia maji. Gundi ilikuwa imekaushwa na joto la njiani ikawa jiwe. Washa nilizichukua mimi. Nilimwambia Mzee kwamba pampu ya kisima inazihitaji zaidi, na kwamba hapa Lodwar mvua ni hadithi ya kusimulia watoto. Akacheka, nami nikacheka. Mimi nimezaliwa Kapsabet, ambako mvua hunyesha karibu kila alasiri. Kama kulikuwa na mtu wa kujua, alikuwa ni mimi.

Mzee alitoboa mashimo manane, akakaza bolti, kisha akajining'iniza kwenye reli huku amekunja magoti, akabembea kidogo kama anayefurahia upepo. Reli hazikutikisika. Ochola akatushukuru na kuondoka.

Wiki hiyo hiyo familia ya Ochola ilisafiri kwenda Nairobi kwa likizo, ikampa lifti Nyaluak, mshonaji wa nguo kutoka Sudan aliyekuwa akiishi kambini Kakuma. Mumewe, Riek, alikuwa ametangulia Kanada miaka mitatu nyuma, na sasa Nyaluak alikuwa ameitwa kwenye mahojiano ili amfuate. Bahasha yake ilikuwa na cheti cha ndoa na picha ya harusi, picha pekee waliyokuwa nayo. Aliiweka juu ya begi katika kiti cha nyuma. Walipopita Kapenguria mvua ilianza, hewa ikawa baridi, na Nyaluak, ambaye hakuwa ameonja baridi kwa miaka minne, akalala fofofo. Alipoamka Eldoret, maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye bolti ya pili. Wino wa cheti ulikuwa umechanganyika ukawa buluu tupu, na mahali pa uso wa Riek palikuwa na doa jeupe. Kwenye ofisi ya mahojiano aliambiwa aanze upya.

Habari hizo zilipotufikia, watu wote walimtetea Mzee, wakisema nani huziba mashimo kwa ajili ya mvua huku jangwani.  Yeye aliomba ruhusa, akapanda lori hadi Kakuma pamoja na fundi mwenzake Nabei, na Nabei ndiye aliyetusimulia yaliyotokea. Mzee alisimama mbele ya cherehani ya Nyaluak, akamsalimu kwa Kiturkana na kusema, "Ejok, mama. Ile mashimo ya gari ni yangu. Mimi ndio nilitoboa, mimi ndio sikuziba."

Nyaluak aliendelea kushona mpaka mshono ukaisha. Kisha akasema, "Kaa chini, mzee. Mimi nililia wiki moja, imeisha. Lakini siku nitaenda tena, maji itaingia?"

"Haiingii," Mzee akajibu.

Nabei alingoja amtaje karani wa stoo. Hakunitaja siku ile, wala siku nyingine yoyote.

Tangu hapo hakuna gari lililotoka kwetu bila kunyeshewa. Mzee alijaza madumu kutoka mto Turkwel, akayabeba kwa baiskeli yake mwenyewe, na Nabei akayamwaga juu ya paa ndoo baada ya ndoo. Mzee alikaa ndani, chini ya bolti, ameshika karatasi niliyoiandika kwa kalamu ya wino. Niliandika chochote kilichonijia: orodha ya sokoni, ubeti wa wimbo wa kanisa, majina ya mito ya kwetu. Watu wa mjini walivunjika mbavu kuona maji yanaogesha gari wakati mbuzi wana kiu. Yeye alifumba macho akisikiliza maji, uso umetulia kabisa, kisha akatoka na kunionyesha karatasi. Ilikuwa kavu. Kwangu mimi kila karatasi kavu ilikuwa kama msamaha ambao sikuwa nimeuomba.

Mzee alipaswa kustaafu Juni mwaka huu. Aliomba abaki mpaka Nyaluak aitwe tena, asije mtu mwingine akagusa zile reli. Mkuu alikuna kichwa, akakubali. Sasa mnajua kwa nini sherehe imechelewa.

Wito ulikuja Septemba. Riek alikuwa ametuma picha yake mpya, na mchungaji wao ameandika barua ya kushuhudia ndoa yao. Mzee alifungua bolti zote nane, akazivalisha mpira na gundi mpya, akalinyeshea gari siku tatu. Halafu akaomba kwenda na Ochola na Nyaluak, yeye ambaye hakuwahi kuvuka Lokichar kwenda kusini. Alikaa kiti cha nyuma, bahasha mapajani. Ochola anasema mvua iliwapokea Kapenguria, na Mzee akawa anapapasa bolti, anapapasa bahasha, anarudi kwenye bolti, hivyo hivyo mpaka Nairobi.

Nyaluak alipita. Alipanda ndege kwenda Kanada wiki ya pili ya mwezi huu.

Siku ya kurudi kutoka kwenye mahojiano hayo mvua ilinyesha tena, kubwa kuliko ya kwanza. Ochola alitazama kwenye kioo akamwona Mzee Ekuru ameegemea dirisha, mdomo wazi, amelala usingizi mzito chini ya bolti zake. Akazima redio na kuendesha polepole mpaka mvua ilipokwisha.

Mzee, sharti lako nimelitimiza, na aibu yangu nimeitoa mbele ya watu. Asante kwa miaka ishirini na tisa, na kwa jina langu ulilolinyamazia. Karakana nzima inakuombea afya, kivuli kizuri na wajukuu wasumbufu kiasi. Na usiku mvua ikinyesha, usitoke kitandani kwenda kukagua paa la mtu. Nitakwenda mimi.