Ndoo ya Majivu na Mkono wa Kulia wa Orest Hnatiuk

Padri Bohdan, wafiwa wenzangu, majirani wa Zoria, na nyinyi mlioketi nyuma kabisa bila kuvua makoti kana kwamba mna basi la kuwahi: mimi ni Odarka, dada mkubwa wa marehemu. Nimeambiwa nisome maisha yake kwa sababu nina sauti na simwogopi mtu.

Orest Hnatiuk alizaliwa tarehe 2 Februari 1948, katika shamba la wazazi wetu, Petro na Anna, maili nne kaskazini ya Zoria, hapa hapa Saskatchewan. Alikuwa wa tatu na wa mwisho. Mkunga alikwama kwenye theluji, na alipofika alimkuta mtoto ameshazaliwa na ameshanyonya. Mama alisema hakulia. Mtoto asiyelia mimi humtilia shaka.

Alisoma shule ya Zoria mpaka darasa la kumi. Walimu walimsifu kwa utulivu, lakini hao hawakuishi naye. Ukimuuliza nani kaimaliza asali, anakutazama tu. Hakani, hakiri. Baba akamchapa yeye, huku marehemu kaka yetu Ivan anajilamba vidole. Kuteleza kwenye barafu alijifunzia kwenye bwawa la ng'ombe, kwa viatu vya Ivan vilivyojazwa magazeti.

Mwaka 1968 alichukuliwa na timu ya kulipwa ya hoki ya barafu, ligi ya daraja la pili, upande wa Marekani. Alicheza beki misimu tisa, na mara chache aliitwa ligi kuu kuziba pengo la majeruhi. Huko hakufunga bao hata moja. Mnaosema mlimwona kwenye televisheni akifunga, sijui mlikuwa mnatazama nini. Goti lilipomwishia alirudi nyumbani, na kuanzia 1978 akawa kocha wa timu yetu ya Zoria. Mashine ya kunoa viatu vya barafu ilikuwa katika chumba cha nyuma cha uwanja, na mnoaji alikuwa yeye. Alinoa vya wetu na vya wageni, kwa makali yale yale.

Tarehe 14 Julai 1973 alimwoa Stefka Kozakevych wa Dunrose. Walijaliwa binti wawili, Larysa na Nadia. Baba mkwe alipofariki, Orest alimleta mama mkwe, Bibi Paraska, aishi nao. Bibi Paraska alipika pirohi, vile vidonge vya unga vilivyojazwa viazi, alimkosoa Orest kuanzia kofia mpaka viatu, na kila Jumapili alimwombea mwanawe wa kiume, Dmytro, aliyekuwa kocha wa Dunrose. Naam, shemeji mtu. Zoria na Dunrose, kocha na kocha, na mama mmoja kati yao.

Hapa karatasi mliyopewa mlangoni inaruka moja kwa moja mpaka ugonjwa. Msihangaike kufunua. Haya sikuyachapisha kwa makusudi, maana kuna mtu angeyasoma mlangoni akageuza gari.

Jumamosi ya tarehe 14 Machi 1987 ilikuwa fainali ya kombe la wilaya, kwenye uwanja wetu. Tufani ya theluji ililichelewesha basi la Dunrose, vijana wakavaa kila kitu humo humo ndani, hata viatu vya barafu, ili mechi isiahirishwe. Wakashuka wakipita uani mpaka mlango wa pembeni. Uani pale palikuwa pamemwagwa majivu ya jiko yaliyochanganywa na changarawe. Kila mtoto wa hapa anajua chuma cha kiatu kikikanyaga changarawe kimekwisha makali. Walipoingia barafuni walianguka kama ndama waliozaliwa jana.

Dmytro aliposhuka alimkuta Orest mlangoni, ndoo mkononi, na majivu bado yanapeperuka.

"Nimekuona na ndoo, Orest!"

"Umeniona," Orest akasema. Basi, hilo tu.

Wakati wa mapumziko Orest alimfuata. "Shemeji, lete viatu niwanolee vijana. Kipindi cha pili kitangoja."

"Ili umalizie kazi? Ondoka mbele yangu, mwizi wewe!"

Tulishinda tano kwa moja. Sasa, kwetu mtu anaweza kukung'oa jino, lakini kipenga cha mwisho kikilia mnapanga mstari, mnavua glavu, mnapeana mikono. Hata waliochukiana tangu babu zao hufanya hivyo. Siku ile Zoria walipanga mstari wao, glavu zimevuliwa, na mbele yao hapakuwa na mtu. Dmytro alikuwa ameshawapakia vijana wake basini. Orest alisimama ameunyoosha mkono wa kulia mpaka taa za uwanja zikaanza kuzimwa.

Kuanzia hapo mji ukanong'ona. Lisemwalo lipo, watu walisema, na mimi nilikuwa mmoja wao. Mara ngapi nimemuuliza! "Orest, ulimwaga wewe?" Ananitazama kama enzi za asali. Stefka alimuuliza, akaambiwa ale chakula kisipoe. Mwenye kauli moja alikuwa Bibi Paraska: "Watoto wa Dmytro walikula sana njiani, wakawa wazito." Alikufa mwezi Mei mwaka huu, ana miaka tisini na saba, akiamini hivyo hivyo. Tulipomzika, Orest na Dmytro walisimama pande mbili za kaburi moja, wakatazama kila mmoja kofia yake.

Agosti madaktari wa Yorkton walimkuta Orest na saratani ya kongosho. Wiki ya mwisho tulikuwa naye mimi na Stefka. Nikamuuliza tena, maana mimi siachi.

"Dada," akasema, "mama mkwe si tumeshamzika?"

"Wewe mwenyewe ulibeba jeneza."

"Basi. Alimwaga yeye."

Stefka aliangusha kikombe.

Orest alisema alimkuta Bibi Paraska uani na ndoo ya jikoni, amejifunga kitambaa kichwani, anamwaga majivu na changarawe mpaka mlangoni. Bibi alimwambia, "Watoto wa Dmytro wanakuja, uani panateleza. Mmoja akianguka nitamwambia nini mwanangu?" Orest akamnyang'anya ndoo, akamrudisha ndani. Alipotoka, basi lilikuwa limefika na vijana wameshavuka nusu ya uani.

Nikamfokea, "Miaka yote hii! Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba mama yake ndiye aliyemnyima kombe? Angemrarua yule mzee mbele ya watu, kisha ajute. Na bibi angekufa kwa kihoro."

"Na tangu Mei je?"

"Nilikuwa nangoja aniulize. Dmytro alinishutumu, dada. Hajaniuliza hata siku moja." Akapumua kidogo. "Mwambie nikishalala. Nikiwa hai atakuja kulia hapa, na mimi sina nguvu za kumbembeleza."

Mpaka leo sijajua kama ule ulikuwa wema au ukaidi. Nashuku ulikuwa vyote viwili. Namlilia na bado nina hasira naye.

Orest alifariki Jumanne, tarehe 12 Novemba 2019, alfajiri. Ameacha mjane wake Stefka, binti zake Larysa na Nadia, wajukuu watano, mimi dada yake, na shemeji yake Dmytro Kozakevych, yule pale mstari wa nyuma, mwenye koti la kijivu.

Mliopita kumuaga mmejiuliza kwa nini mkono wa kushoto umeshika msalaba na wa kulia umeachwa mtupu, umetokeza ukingoni. Nimewasikia mkinong'ona kwamba waliomvalisha wamekosea. Hawakukosea. Aliagiza mwenyewe.

Nimewaambia wasubiri, wasifunike. Dmytro, mama yako alikupenda mpaka akamwaga majivu uani. Vua glavu, uje.

Na wewe, mdogo wangu, ukishashikwa mkono huo, ndipo upumzike.