Upana Umetoka Wapi

Benchi la kijiwe cha kahawa lina miguu mitatu na tofali, na limeegemea nyumba ndefu ya vyumba vya kupanga, vyumba vinavyofanana kama meno ya kitana. Cha kwanza anakaa Kamusi, karani mstaafu, aliyepewa jina hilo kwa sababu ana methali kwa kila jambo, ingawa ni nadra methali na jambo kufahamiana. Cha tatu anakaa Cheche, mchomeleaji wa madirisha, mtu wa maneno machache, na hayo machache huwa ya ugomvi. Cha katikati kina kufuli. Mpangaji wake amehama. Ufunguo wa kufuli hilo uko kiunoni mwa dalali wanayemwita Funguo, pamoja na rundo zima la funguo zinazolia akitembea, na hata mmoja si wa mlango wake mwenyewe. Anayewavumilia wote ni mama wa kahawa, na birika lake. Asubuhi hiyo walikuwa pia na Tabasamu, mpiga picha, aliyeitwa hivyo kwa amri anayowapa wateja, japokuwa anakula kwa picha za pasipoti, ambazo mtu akitabasamu zinarudishwa.

Tabasamu alikuja na lenzi ndani ya soksi.

Ilikuwa lenzi pana, ya mtumba, mali ya fundi redio wa ng'ambo ya barabara. Ilikuwa ya zile za zamani ambazo ukitaka kulenga lazima uzungushe pete kwa mkono, ndiyo maana bei yake ilikaribia kufikika. Ilikaribia tu. Ingekomba akiba yote ya Tabasamu na kopo lake libaki kulia. Fundi alikuwa amemruhusu aijaribu mpaka atakapofunga kwenda kula mchana. Baada ya hapo, ama pesa ama lenzi. Chanzo cha yote alikuwa Funguo. Tangu simu za watu zijifanye wapiga picha, kazi ya Tabasamu ilikuwa imekonda, na dalali akamwahidi kazi ya kudumu, kupiga picha vyumba vyake vyote vya kupangisha, ilmradi apate lenzi inayoona chumba kizima kwa mkupuo mmoja. Tabasamu alijua uzito wa ahadi ya dalali. Alijua pia kwamba hana ahadi nyingine.

Nyumbani alikuwa ameshaimulika lenzi kwa tochi ya simu. Ndani aliona vumbi kidogo, na pembeni kitu kama utando. Ni ukungu, au mtu aliacha alama ya kidole? Kosa lake lilikuwa kuliuliza swali hilo kwa sauti mbele ya watu wenye muda.

— Lete hapa, alisema Kamusi, akaishika kama yai la mtu mwingine. Imekaa wapi miaka yote hii?

— Kabatini, fundi anasema.

— Basi ukungu haina. Wahenga walisema, akiba haiozi.

Tabasamu alimweleza kwamba ukungu hakuna kitu unachokipenda kama kabati. Kamusi alimsamehe. Na hilo vumbi linaloelea ndani ya kioo, aliendelea, nalo lisimsumbue binti huyu, kwani usione vyaelea, vimeundwa. Kama linaelea, basi limeundwa, na kama limeundwa, limetoka nalo kiwandani.

Cheche yeye alitaka kujua nani alikuwa mwenye lenzi wa kwanza. Kioo kinazoea, alisema. Amefunga madirisha ya watu maisha yake yote na hadanganyiki: dirisha lililozoea kutazama ua wa fulani, ukalihamishia kwa mwingine, halipati raha. Sasa kama lenzi hii ilikuwa ya mpiga picha wa misibani, je? Kila atakayesimama mbele yake atatoka kama marehemu.

— Mimi napiga pasipoti, Cheche. Wote wanatoka kama marehemu.

Mama wa kahawa alisema yeye hazungumzii vioo, anazungumzia bei. Shemeji yake alinunua jokofu la mtumba kwa bei poa, akalishangilia mtaa mzima, na mpaka leo ni kabati lenye taa. Tabasamu alicheka, lakini mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye mfuko wenye akiba, ukaubana. Kuuziwa mbuzi ndani ya gunia si jambo geni mtaani. Geni ni mtu kukiri kwamba gunia lilikuwa la kwake.

Funguo alisikika kabla hajaonekana. Aliwasalimu, akakataa kahawa kwa kuikubali, akauliza maneno yote haya ni ya nini wakati chumba kitupu kiko hapo nyuma ya migongo yao. Kioo hakijaribiwi kwa methali. Akafungua kufuli la mlango wa katikati.

Vyumba vya nyumba ile, ni vizuri ieleweke, ni vya namna hii: Kamusi akivaa suruali, mguu mmoja huuvalia ndani na wa pili mlangoni. Cheche akitaka kupiga chafya hufungua mlango kwanza. Tabasamu aliipachika lenzi kwenye kamera yake, akajibana pembeni mpaka mgongo ukaonja ukuta wa pande mbili, akazungusha pete, akabofya. Kisha akatazama kioo cha nyuma ya kamera.

Kuta zilikuwa zimesogea. Kidirisha ambacho angeweza kukigusa bila kunyoosha mkono kilikuwa kule mbali, kama dirisha la ukumbi. Sakafu ilikuwa imetandazika, ungeweza kufungishia watu ndoa. Alikuza picha, akatafuta ule utando, hakuuona. Pembe zilikuwa laini kidogo. Katikati palikuwa pakali kama wembe. Lenzi ilikuwa nzima. Moyo ulimdunda Tabasamu, ule mdundo wa mtu ambaye ameshanunua ila hajalipa.

Funguo hakungoja. Aliipiga picha ile picha kwa simu yake na kuirusha kwa wateja kabla kahawa haijapoa. Halafu kamera ikazunguka benchi zima, ikafika kwa Kamusi, ikakaa.

— Chumba hiki ni cha wapi?

— Hicho hapo nyuma yako, mzee wangu.

— Mwanangu, mimi ni jirani yake. Tungekuwa na jirani wa namna hii ningejua.

Cheche alikuwa ameinama juu ya bega la Kamusi, na alipozungumza alizungumza polepole, kama mtu anayechomelea.

— Upana huu umetoka wapi?

— Ni lenzi tu, alisema Tabasamu.

— Lenzi ndiyo mwizi. Mimi nauliza mali. Ukipanua suruali kiunoni, kitambaa umekitoa mahali. Upana hauoti kama uyoga. Na chumba hiki kimepakana na vyumba viwili tu.

Kamusi aligeuka taratibu, akatazama mlango wake mwenyewe.

— Unasema nimeibiwa?

— Ama wewe, ama mimi.

Tabasamu alijitahidi. Alieleza kwamba lenzi haiongezi wala haipunguzi, inasukuma mbali kilicho mbali na kukikuza kilicho karibu, ndiyo maana ndoo iliyosahaulika mlangoni imetoka kubwa kama tangi. Yalikuwa maelezo sahihi, na yalianguka pale kama kijiko chini ya meza: kila mtu alisikia, hakuna aliyeinama. Cheche alikuwa ameshakwenda chumbani kwake kukagua. Alirudi anasugua kiwiko. Alikuwa amekigonga ukutani, alisema, mahali ambapo tangu ahamie hajawahi kukigonga.

Basi Kamusi naye akaenda. Alikaa kidogo, ikasikika sufuria ikianguka, akarudi na uso wa mtu aliyefiwa.

— Mali bila daftari hupotea bila habari, alisema. Ningeuandika upana wangu tangu siku ya kwanza.

Wakamgeukia dalali. Kamusi alidai kodi ishuke kwa waliopunguziwa. Cheche alidai wamjue kwanza aliyepunguziwa zaidi, kwa kuwa kiwiko ni chake na sufuria ni ya Kamusi, na kiwiko kinauma. Mama wa kahawa aliuliza kama lenzi hiyo inaweza kupanua birika. Funguo, ambaye hajawahi kukosa jibu hata pale ambapo kukosa kungekuwa heshima, aliwaambia watulie: upana umeazimwa tu, na mpangaji akipatikana utarudishwa kwa wenyewe. Ajabu ni kwamba walitulia. Tabasamu aliwatazama, watu wazima wanaolala kila usiku na magoti kidevuni, wakiisogeza kamera karibu zaidi na kukubaliana kwamba, ukitulia ukakiangalia vizuri, kwa kweli ni chumba kikubwa.

Ng'ambo ya barabara fundi alianza kuingiza redio zake ndani.

— Vuka ukalipe, Funguo alimwambia kwa sauti ya chini. Jumatatu tunaanza. Nina vyumba vingi vinangoja kupanuka.

Tabasamu alisimama. Lenzi ni nzima, bei haitarudi, kazi ipo. Alikuwa ameshatia mkono mfukoni.

Ndipo akatokea mwanamke mwenye viatu vyenye vumbi la asubuhi nzima ya kutafuta chumba kwa miguu, simu mkononi, akilinganisha nyumba na kitu alichokiona kwenye simu. Aliwaamkia, akauliza dalali ni nani kati yao. Kamusi alisogea kumpisha akisema mgeni njoo, mwenyeji apone, methali ya kwanza siku ile kukaribia maana yake. Mgeni hakukaa. Alisema ametumiwa picha sasa hivi na ameipenda. Anaishi na mama yake, ambaye miguu imekataa, yuko kwenye kiti cha magurudumu. Wanapokaa sasa kuna ngazi, na kila mama akitaka kuota jua ni lazima waitwe vijana wawili wa kumbeba. Mama amechoka kubebwa kama gunia. Ndiyo maana anatafuta chumba cha chini chenye nafasi.

Funguo alimpongeza kwa bahati. Chumba ni cha chini kabisa, hakuna hata ngazi moja, na hilo lilikuwa kweli, akalitumia vizuri. Lakini wateja ni wengi na wako njiani. Atangulize chochote akishike. Kukiona, atakiona kesho, kwa sababu ufunguo uko kwa mwenye nyumba, alisema, huku kiuno chake kikimkanusha.

Mwanamke aliitazama tena picha.

— Sina shida ya kusubiri. Nina swali moja tu. Kiti cha mama, humu ndani, kinageuka?



Jibu walikuwa nalo wote. Kamusi alijua kuliko mtu yeyote, ila chumba chake huwa anakiita makazi, na kumjibu mwanamke huyu kungekuwa kumwambia yeye mwenyewe analala wapi. Cheche alitazama ndani ya kikombe chake kana kwamba upana umeangukia humo. Mama wa kahawa alipuliza makaa yasiyohitaji kupulizwa.

— Picha si hiyo unayo, dada, alisema Funguo. Kila kitu unakiona.

— Picha naiona, kaka. Ndiyo maana nikauliza.

Kisha akaiona kamera shingoni mwa Tabasamu.

— Ni wewe uliyepiga?

— Ni mimi.

— Basi ulikuwa ndani.

Tabasamu angeweza kusema mengi, na mengine yangekuwa kweli. Kwamba kazi yake ni kupiga, si kupima. Kwamba aliangalia kwa jicho moja. Funguo alikuwa akimtazama, na macho yake yote mawili yalisema Jumatatu. Ng'ambo, fundi alishusha redio ya mwisho. Mgongo wa Tabasamu bado ulikuwa na chokaa ya kuta mbili.

— Hakigeuki, dada. Kitaingia kikitazama dirisha, na kutoka kitatoka kinyumenyume. Mama akishakuwa ndani, mlango utakuwa mgongoni kwake siku zote.

Mwanamke alifunga simu, akaishika kwa mikono miwili.

— Mama anapenda kumwona anayeingia, alisema. Ahsante.

Akageuka kwenda zake. Funguo, ambaye aibu humpita kama gari lisilosimama kituoni, akamwandama akilia na funguo zake: asikate tamaa, kuna kingine mtaa wa pili, kikubwa zaidi ya hiki, kina hadi veranda, jioni hii hii atamtumia picha.

— Picha usinitumie, alisema yule mwanamke, akamwonyesha Tabasamu kwa kidevu. Nitumie huyu.

Kijiwe kikafufuka. Kamusi alishikilia kwamba, kisheria, mtu akitumwa mahali pa picha anastahili malipo ya picha. Cheche alisema alipwe mara mbili, na mpangaji kwa kusema na dalali kwa kunyamaza. Funguo, akirudi, alisema hapati kitu kwa yeyote, na kwamba Jumatatu amekwishaifuta. Kisha akauliza kama kesho asubuhi Tabasamu ana nafasi ya kwenda mtaa wa pili kutazama hiyo veranda. Kamusi akanyoosha kikombe apate kahawa ya kulitafakari hilo. Mama wa kahawa aliinamisha birika, likatoa matone na majivu.

Tabasamu hakungoja hukumu. Alichomoa lenzi, akaifunika macho yote mawili, la mbele na la nyuma, akavuka barabara wakati fundi akiushika mlango. Fundi alimuuliza ameikuta na kasoro gani. Alimjibu kwamba hakuna, ni nzima, hata ule utando ulikuwa kidole cha mtu tu. Akamrudishia mkononi, akamwambia aitafutie mtu anayepiga picha milima.