Sista Raheli Hapigi Picha na Mashine ya Maji

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni, Sista Raheli Ndunguru anastaafu baada ya kuwauguza wagonjwa wa macho hapa Mtwara kwa miaka thelathini na mmoja. Nimepewa ukurasa huu wa ratiba ya sherehe nimsifu kwa furaha. Nitajitahidi, ingawa kamati ya sherehe imenitilia mchanga kitumbua changu.

Alikuja kutoka Mbinga akiwa binti mwembamba anayeogopa bahari. Alipozoea, hakuna aliyepumzika tena. Msimu wa kupulizia mikorosho salfa ulipofika, alikuwa Nanyamba akiwagombeza wakulima wavae miwani ya kukinga macho. Mmoja wao, Filipo, aliivaa mpaka kanisani kwa hofu ya kukutana naye. Alikutana naye kweli, akasifiwa mbele ya waumini.

Kliniki hakumwamini mgonjwa yeyote aliyesema anajua kutia matone. Ilibidi utie mbele yake. Watu wazima na heshima zao walikaa wameinua vichwa, midomo wazi, tone likaangukia shavuni, naye akasema, "Shavu limepona, sasa tutibu jicho."

Sasa niseme kilichoniudhi. Miaka miwili iliyopita waliingia mjini wauzaji wa mashine za kutengeneza maji ya haidrojeni, wakidai yanaponya presha ya macho. Ni kweli watafiti wanachunguza kama haidrojeni inaweza kupunguza uharibifu ndani ya jicho, na Sista Raheli hakuwahi kuubeza utafiti huo. Lakini mengi bado ni majaribio ya maabara na ya wanyama, na hakuna aliyethibitisha kwamba maji hayo yanachukua nafasi ya dawa. Wauzaji hilo walilificha. Walimwambia Mzee Alawi, fundi cherehani wa Mikindani, aache matone kwa sababu eti yanachosha jicho. Akaacha. Alipoletwa kwetu, jicho la kulia lilikuwa limeshapofuka, na kwa ugonjwa huo likishapofuka halirudi. Tangu siku hiyo Sista amelipigania la kushoto kama lake mwenyewe.

Na kamati yetu ikafanya nini? Wauzaji walewale walileta mashine moja wakasema ni zawadi ya mstaafu, na ndugu yetu Goodluck, mwenyekiti wa kamati, akaipokea na kushukuru. Sharti lilikuwa moja tu: Sista apigwe picha akiwa ameikumbatia, tena na sare yake ya uuguzi. Goodluck hana nia mbaya. Aliona mtu wa macho amepata kitu cha macho, basi. Lakini fikirini bango hilo likiwa limetundikwa stendi. Mgonjwa gani angeendelea na matone baada ya kumwona Sista Raheli akitabasamu na mashine? Wangetumia uso wake kuwapofusha watu aliowauguza, na sisi tungekuwa tumepiga makofi. Nimekasirika, na sioni sababu ya kuficha.

Sista alipoambiwa hakupandisha hata sauti. Alisema, "Goodluck, baba, irudishe leo hii. Halafu niitie Mzee Alawi na binti yake."

Mashine imerudi ilikotoka. Kwa hiyo kwenye ratiba, pale palipoandikwa "Picha na wafadhili", pafuteni kwa kalamu. Saa nane mchana ni saa ya matone ya Mzee Alawi. Yasmini, binti yake, atamtia mbele yetu sote, Sista akiwa amesimama pembeni bila kumgusa mkono, maana kuanzia Jumatatu Sista hatakuwepo kumsaidia. Mwenye simu aipige picha hiyo, na aitume kwa kila mtu anayemfahamu mwenye matone nyumbani.

Sista Raheli, asante kwa macho yote uliyoyatetea, likiwemo hili moja la Mzee Alawi. Tunakutakia maisha mema ya ustaafu huko Mbinga, yenye afya na watu wa kuwagombeza. Wauzaji wale wakirudi tena na mashine yao, watatukuta sisi mlangoni.

Happiness, Chumba cha Dawa