Umeme Umekatika, Sakiusa Hakimbii

Benchi letu liko kibarazani pa duka langu, hapa Walu Bay mjini Suva, mkabala na ofisi ya kampuni moja ya meli za visiwani. Ijumaa mchana tunakoroga yaqona, kinywaji chetu cha mizizi, kwenye beseni la plastiki, kifuu kinazunguka, na dunia inatengenezwa upya bila malipo. Wa kwanza kufika siku zote ni Parmod, dereva wa teksi, tunayemwita Profesa kwa sababu hakuna asilolijua, hasa yale asiyoyajua. Wa pili ni Ilaitia mpakia mizigo, jina la benchi Kapteni. Aliwahi kushika usukani wa meli mara moja, nayo ilikuwa imefungwa gatini. Wa tatu ni Sakiusa, fundi wa kompyuta wa ile ofisi. Huyo tulimpa jina Zimamoto.

Jina alilifanyia kazi. Kampuni ile ina seva moja yenye programu tano: ya tiketi, ya mizigo, ya ratiba, ya mishahara na ya mafuta. Miaka yote hiyo kila moja Sakiusa aliiwasha kwa mkono wake, kila moja kwenye dirisha lake pale kwenye kioo cha kompyuta, na dirisha likifungwa programu inakufa nalo. Umeme ukikatika zinalala zote tano, na haziamki mpaka baba yao aje kuziamsha. Tumemwona akiacha kifuu hewani, akitoka kanisani pekupeku katikati ya wimbo, akikimbia na povu la kunyolea shavuni. Profesa alikuwa akisema mtu kama huyo ndiye nguzo ya taifa. Mimi niliona nguzo ya taifa inakonda.

Mwezi uliopita kampuni ikamwajiri binti mmoja kutoka Lautoka, anaitwa Ragni. Akamwangalia Sakiusa siku mbili tatu akikimbia, halafu akamuuliza kwa upole kwa nini anafanya kazi ambayo Linux, mfumo unaoendesha ile seva, ina mtumishi wake tangu zamani. Wakakaa pamoja, wakaigeuza kila programu kuwa huduma ya mfumo. Kila moja ikapata faili lake fupi linaloiambia mashine: hii iendeshwe kwa jina hili, isikilize mlango huu, iamke mashine ikiamka, na ikianguka iinuliwe. Sakiusa alitueleza haya mikono ikiwa imekunjwa kifuani, kama mtu aliyeoza mabinti watano kwa siku moja.

Benchi halikuamini hata neno. Kapteni alisema kitu kisichoshikwa mkono hakishiki. Profesa akaongezea kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na programu hizo zimelelewa kwa mbio.

Basi Ijumaa moja, abiria wa kisiwa cha Kadavu wamejaa kwenye dirisha la tiketi na meli imeshapiga honi ya kwanza, umeme ukakatika mtaa mzima. Friji langu likakohoa, likanyamaza. Sisi watatu tukamgeukia Sakiusa. Hakuinuka. Alipiga makofi ya desturi, akapokea kifuu, akanywa chote.

— Zimamoto, moto huo, Kapteni akamwambia.

— Zitaamka zenyewe.

— Binamu, wewe umelewa yaqona au umelewa yule binti wa Lautoka?

— Nimesema zitaamka, Ilaitia.

Lakini niliona kisigino chake kinacheza chini ya benchi kama sindano ya cherehani.

Umeme ukarudi. Tukakaza macho kule dirishani. Baada ya kitambo karani akainua kidole gumba, mstari wa tiketi ukaanza kusogea. Sakiusa akashusha pumzi. Alikuwa amefungua mdomo kutuambia kitu cha kujisifu, ndipo nikamwona mwanamke mmoja anavuka barabara kutoka gatini, amebeba godoro jipya kichwani, bado na nailoni yake. Alikuwa Vasemaca, dada yake Sakiusa, anayeishi kwao Kadavu na huja mjini mara moja kwa mwaka kununua mahitaji.

Alilitua godoro kibarazani, akatusalimu sote kwa heshima, kisha akamwambia kaka yake kwamba tiketi amepata lakini godoro limekataliwa. Kompyuta ya mizigo haifunguki, na mzigo ambao haujaandikwa haupandi.

Hapo benchi likapata uhai. Profesa, bila kuombwa, alieleza kwamba programu ya mizigo imegoma. Ukizifanya huduma zinajiona watumishi wa serikali, na sasa zinadai likizo. Kapteni akakataa. Tatizo, alisema, ni chumvi: upepo wa bahari unaingia kwenye waya, waya unapata kiu, unakunywa data. Profesa akaona amezidiwa, akapanda juu zaidi. Kuna papa mmoja mkubwa karibu na mwamba, alijua habari zake kutoka kwa abiria, amezoea kutafuna ule waya mkubwa wa chini ya bahari, na anapenda sana kipande chenye mizigo kwa sababu kina uzito.

— Kikulacho ki nguoni mwako, akamalizia.

— Papa yuko nguoni mwa nani? nikamuuliza.

— Mzee, methali haiulizwi maswali.

Sakiusa alikuwa ameshavuka barabara. Alikimbia kama zamani, kandambili moja ikabaki katikati ya lami, na Kapteni akacheka mpaka akakaa chini. Nami nikamfuata, maana nilimwona uso. Haukuwa uso wa kuchekwa.

Ndani alikuwa na Ragni kwenye simu, maana siku hiyo binti hakuwa ofisini, na masikio yamemwiva. Nitasimulia nilivyoelewa. Umeme uliporudi, mashine iliamsha vyote kwa pamoja. Programu ya mizigo iliwahi kuamka kabla ya hifadhidata, yaani ghala inakotunzwa kila kitu. Ikabisha hodi, ikakuta kumefungwa, ikaanguka. Mtumishi akaiinua, ikaanguka. Akaiinua tena na tena, yote hayo kufumba na kufumbua, mwisho akaona huyu ana lake jambo, akamwacha alale. Zile nne zilikuwa na mstari unaosema subiri hifadhidata kwanza. Faili la mizigo ndilo Sakiusa aliloandika la kwanza kabisa, peke yake, kabla Ragni hajamwonyesha mstari huo, na hakurudi kulitazama.

Ragni hakumfokea. Alimwambia aongeze ule mstari, aongeze na mwingine wa kupumzika kidogo kati ya kuanguka na kuinuliwa, aiambie mashine isome mafaili upya, kisha aiwashe. Akafanya. Karani wa mizigo akapiga kelele kwamba imefunguka, na godoro la Vasemaca likaandikwa, na mapipa ya watu, na jogoo mmoja kwenye kikapu.

Nilidhani yamekwisha. Lakini foleni ya mizigo ilipomalizika na karani akaenda kujinyoosha, Sakiusa aliomba ruhusa, kisha akaizima na kuiwasha mashine yote yeye mwenyewe, kwa makusudi. Halafu akafanya jambo ambalo sijapata kumwona akifanya: akarudi nyuma, akaweka mikono mgongoni, akangoja.

Tiketi ikaamka. Ratiba ikaamka. Mishahara, mafuta. Ile ya mizigo ilichelewa kidogo, ikasubiri zamu yake kama mtoto aliyekanywa, ikaamka.

Alirudi benchini taratibu, akaokota kandambili yake njiani. Profesa alikiri kwamba papa pengine ameshiba. Kapteni akajaza kifuu, akampa kwa mikono miwili. Sote tulikuwa tunamfurahia kwa namna yetu, yaani kwa kumtukana.

Vasemaca alikuwa bado amesimama kando ya godoro lake. Alisubiri kelele zipungue.

— Kaka, kila mwaka ulituambia ukiondoka mashine hazina wa kuziamsha. Leo nimeona zimeamka zenyewe. Safari hii nikamwambie Baba nini?

Hakusema kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei.

Sakiusa alitazama ndani ya kifuu. Profesa, mwenye jibu la papa na la bei ya mafuta duniani, akaanza kukoroga yaqona iliyokwisha kukorogwa. Ndipo nikafahamu kwamba miaka yote ile, Sakiusa alipokuwa akituacha kwa mbio, kulikuwa na mahali pengine alipokuwa hafiki. Baadaye Vasemaca alinidokeza kidogo tu: maneno yaliyosemwa kwenye mazishi ya mama yao, baba na mwana, mbele za watu, na hakuna aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza kuyafuta.

Honi ya pili ikalia. Sakiusa aligeuka akaitazama ofisi kwa muda mrefu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona mtu akiomba moyoni kompyuta iharibike. Haikuharibika. Karani alikaa dirishani mwake akipiga miayo.

— Mzee, Sakiusa akaniambia, una mizizi ya yaqona iliyofungwa vizuri? Si ya unga. Ya kupeleka kwa mkubwa.

Nilikuwa nayo; kwetu ndiyo hupelekwa mtu anapokwenda kuomba radhi. Nikampa fungu zuri kuliko yote. Akalipokea akaliweka kwapani, akampigia Ragni akamwambia anaondoka, na nilisikia yule binti akicheka kwa furaha upande wa pili.

Kisha akainama, akaliinua lile godoro akaliweka kichwani, dada yake akatangulia. Kutoka benchini hukuweza kumwona uso wala mabega. Uliona godoro tu, linapanda ngazi ya meli polepole, linasimama katikati, halafu linaendelea kupanda.