Tisa Kamili: Safari ya Mwalimu Gatimu wa Theuri, 1942–1988

Wachungaji, wazee, majirani wa Wamagana na nyinyi mliotoka mbali, mimi ni Watiri, dada yake marehemu wa kumfuata, familia imenituma niwasomee safari ya kaka yangu, maana yeye alinyamaza miaka mingi mno na leo lazima mtu aseme.

Gatimu alizaliwa tarehe 8 Juni 1942 hapa Wamagana, kifungua mimba wa Theuri na Kabura, akaanza shule mwaka wa 1950, akakatizwa masomo wakati wa Hali ya Hatari baba alipowekwa kizuizini, akarudi darasani akiwa mrefu kuliko wenzake wote, wakamcheka, naye akawajibu kwa miguu, kwa sababu hakuna aliyemfikia mbioni.

Januari 1964 aliingia Chuo cha Walimu cha Kirurumo, na huko akawapata Ndugu wa Umande, wanafunzi waliochaguana wenyewe, wakakubaliana kwamba sahani ya mmoja ni ya wote, wakawa wanaamka kabla ya kengele kukimbia hadi kiwanda cha kahawa na kurudi suruali zimelowa hadi magotini. Nahodha wao alikuwa Kahiga, yule pale hemani. Mwaka wa 1965, kwenye mashindano ya vyuo mjini Nyeri, ndugu hawa walizoa karibu vikombe vyote, na mbio za maili tatu zilikuwa za Gatimu.

Chuo kikaamua kuwavisha makoti ya heshima na kuandika majina yao kwenye ubao wa ukumbini, mwalimu mkuu, mgeni wa ng'ambo aliyejifunza Kiswahili kwa bidii, akamwuliza Kahiga wako wangapi, na Kahiga, aliyelelewa na nyanya yake, akajibu alivyofunzwa, tisa kamili. Sisi wa hapa twaelewa, watu hawahesabiwi hadi kumi wasije wakapatwa na mkosi, husemwa tisa kamili, na wa kumi anajulikana yumo, lakini mgeni alisikia tisa. Siku ya kuandika majina Gatimu alikuwa nyumbani, mama akiumwa, waliosimama mbele ya karani walikuwa tisa, hesabu ikakubali, jamani, nani angeshuku?

Siku ya sherehe kaka yangu alivaa shati nililompigia pasi mimi mwenyewe, akaketi mstari wa mbele, majina yakasomwa, makoti yakavalishwa, lake halikutajwa. Kahiga alilalamika, akaambiwa kosa litarekebishwa, Desemba mgeni akarudi kwao, ubao ukabaki vile vile.

Gatimu alifundisha Timau tangu Januari 1966, akamwoa Karwitha tarehe 20 Agosti 1966, wakajaliwa binti mmoja, Monicah, na Karwitha alipofariki Aprili 1975 hakuoa tena. Alifunza watoto wa wengine kukimbia, lakini yeye alikimbia peke yake alfajiri, kando ya mashamba ya ngano. Kila Desemba Ndugu wa Umande walikutana Nyeri, wakamwalika kupitia kwangu, naye akanituma ati niwaambie hesabu yao imetimia bila yeye. Alikuwa mkaidi, haki ya Mungu, na nilimwambia hivyo usoni, wao nao wakadhani anaringa, wakaacha kumwalika, kila upande ukangoja mwenzake aje. Monicah alipoolewa nilimkuta kaka yangu jikoni, amejipikia, anakula amesimama, nikaona uchungu ambao hadi leo haujaniisha.

Mei 1986 figo zilianza kumsumbua, akatibiwa Nyeri, kisha nikamleta kwangu Othaya, na Desemba iliyopita aliniuliza kama wale watu bado humtaja, nami sikujua. Alituacha Jumatatu tarehe 14 Machi 1988, asubuhi, nikiwa nimemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake wa Timau waliomletea maziwa na magazeti bila kuchoka, majirani mliochimba kaburi na kuchanja kuni, na wewe Monicah, uliyemlea baba yako kama mtoto.

Na kuna neno ambalo halikuwa limepangwa nisome. Leo asubuhi Monicah alikwenda hemani kwa Ndugu wa Umande, ambao wote wamekuja, akawauliza wako wangapi ili wapelekewe chai, na Mzee Kahiga akajibu upesi, kama wanavyowajibu wahudumu kila Desemba kwenye hoteli wanakokutana Nyeri, tisa kamili. Kisha akawatazama wenzake mmoja mmoja, machozi yakamtoka mzee wa watu, akasema, hapana, mwanangu, leo tuko tisa tu.

Gatimu, kaka yangu, uliniuliza nami sikujua. Kumbe miaka hiyo yote, kila walipoulizwa, walikuhesabu. Lala sasa, upumzike.