Bangili ya Waya Aliyodai Kuigonga Mwenyewe

Ndugu waombolezaji, kaka wawili wa familia hii wamejaribu kusoma karatasi hii na wote wameishia mstari wa pili kwa kilio, kwa hiyo amesimama kitinda mimba wa marehemu, ambaye shule aliiachia kidato cha pili lakini kwa kusoma mbele za watu hana mpinzani, mtamsikia wenyewe.

Baba yetu alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mabati iliyopakana na karakana ya reli, mtoto wa pili wa mpiga rangi wa mabehewa, akasoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966, akapendwa na mwalimu wa hesabu na kuchukiwa na wengine wote, kwa sababu alikuwa akiwasahihisha namna ya kushika chaki. Tarehe 5 Februari 1969 aliajiriwa idara ya simu kama fundi wa laini, akapanda nguzo kwa miaka thelathini na saba, na kila jioni alirudi na vipande vya waya wa shaba mfukoni, suruali zake zote zikatoboka.

Tarehe 14 Julai 1979 alifunga ndoa na fundi cherehani, mama yetu huyu aliyekaa hapa mbele, baada ya kumposa kwa pete ya waya aliyoikunja kwa koleo la kazini lenye meno na kuiponda kwa jiwe, mama akaigeuza geuza akamuuliza, "Hii pete imeng'atwa na nani?", na swali hilo, wapendwa, ndilo lililotutesa sisi watoto wanne miaka yote, maana tangu siku hiyo Baba aliapa kwamba waya haugongwi ila kwa kifaa chake. Meza ya chakula ikawa karakana ya bangili za waya, koleo bapa lisilo na meno hapa, koleo la mdomo wa duara pale, fuawe ndogo juu ya mfuko wa mchanga ili majirani wasilalamike, tupa, msasa, na nyundo ya uso bapa iliyong'arishwa mpaka unajiona meno, kila kimoja kimechorewa mpaka wake kwa penseli, na sisi tunakula tumepakata sahani.

Mwaka 2013 kitinda mimba alichukua nyundo ile akapigilia msumari wa kalenda, msumari mmoja tu jamani, uso ukapata kijishimo kama chunusi, na kwa kuwa waya hunakili kila kilichomo usoni mwa nyundo, bangili zote za mwezi ule zilitoka na chunusi, Baba akausugua uso juu ya kioo kwa msasa siku tisa bila kumsemesha mtu, siku ya kumi akasema, "Wewe na nyundo hii basi." Binti huyo alipoacha shule akaifanya kazi hiyohiyo kwa nyundo aliyojinunulia duka la vifaa vya ujenzi, akaing'arisha mwenyewe, akatoa kazi zinazowanyamazisha watu, na akataka kitu kimoja tu, Baba aseme ni nzuri, Baba akawa anaishika, anaigeuza, anasema, "Itafaa," basi.

Maradhi ya macho yalimwanza 2021, mikono ikaanza kutetemeka 2023, na Juni mwaka huu, dada alipotangaza ndoa yake, Baba akasema bangili ya bibi harusi ataigonga yeye. Waya ukigongwa sana hukakamaa, lazima uuchome mpaka uwe mwekundu ndipo ulainike uendelee, na yeye wekundu alikuwa haoni tena, basi ukawa unakatika, mara saba, na mara saba alilaumu waya. Kitinda mimba alipomwambia, "Baba, nipe mimi," alijibiwa, "Kagonge kalenda."

Tarehe 9 Septemba 2024 alilazwa, na tarehe 13 kitinda mimba akampelekea bangili ya harusi aliyoigonga mwenyewe, akamwekea kiganjani, Baba akaipitishia kidole gumba pole pole, halafu akaingia muuguzi, na Baba akamwambia, "Umeiona hii? Nimeigonga mimi, ya binti yangu." Mama alimfinya kitinda mimba paja asifungue mdomo. Akamwambia daktari, akamwambia mfagizi, na tarehe 21, siku ya harusi, akampigia bwana harusi simu kumwambia.

Tarehe 1 Oktoba binti alikwenda kuyamaliza, amejipanga kabisa, akamkuta anamweleza mgonjwa wa kitanda cha pili jinsi ncha za waya zilivyolazwa kwa ndani zisikwaruze mkono wala kunasa nguo, ufundi ambao Baba hakuwahi kuufanya maisha yake yote, ameugundua kwa kidole, kisha akasema, "Mzee mwenzangu, miaka zaidi ya arobaini, sijawahi kutoa kazi kama hii, hata mimi nimejishangaa." Binti alivuta kiti akakaa, na maneno yote aliyojipangia akayameza, akamnywesha maji.

Baba alitutoka Jumatano tarehe 2 Oktoba 2024, saa kumi na mbili asubuhi, akiwa na miaka sabini na mitatu, ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu sita.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomsikiliza kuliko alivyowasikiliza, majirani waliovumilia nyundo tangu 1979, wastaafu wenzake wa idara ya simu waliobeba jeneza, na mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyekuja leo kwa magongo.

Baba, lala, pumzika kwa amani, umesifiwa vya kutosha, na dada, inua mkono watu waione, hiyo nimeigonga mimi.